Nidia, Ufagio wa Msafara

Katika mji wa Santa Brígida, ukitaka kujua kwamba msafara wa magari ya zamani umemaliza kupita, ilikubidi umsubiri Nidia Bentancor. Yalitangulia magari yenyewe yaking'aa, honi zikilia kama bata, wanaume wamevaa kofia za babu zao na wake zao wamejifunga vitambaa shingoni. Watoto walipunga mikono, mbwa walibweka, wazee walitoka vibarazani na vibuyu vyao vya yerba, chai chungu ya huko, mkononi. Kisha mtaa ulitulia, vumbi likaanza kushuka, na hapo ndipo ilipotokea pikapu ya kijivu yenye mlango mmoja mwekundu, nyuma imejaa kamba, madebe ya maji, mafuta, jeki na tairi kuukuu. Wakati huo watu walikuwa wameshageuka kurudi ndani kula.

Wanaklabu walimwita Ufagio, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuzoa kila gari lililokwama njiani.

"Ufagio, umeamkaje?" walimtania asubuhi za matembezi.

"Nimeamka na njiti zangu zote," naye huwajibu. "Chunga usiwe wa kwanza kufagiwa, na hilo kopo lako."

Wakacheka, naye akacheka nao. Hakuliona jina hilo kuwa tusi. Aliliona kama koti la kuazima, la kuvaa mpaka lake lipatikane, maana gari lake lilikuwepo, lilikuwa kule mbele, la tatu au la nne katika msafara, na siku moja angelishika usukani mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyoamini tangu akiwa msichana hadi nywele zikaanza kugeuka mvi.

Gari lenyewe lilikuwa Whippet la mwaka 1929, la wazi, lenye paa la turubai. Baba yake, Elbio, fundi wa magari, alilinunua kwa mjane mmoja wa mashambani aliyekuwa ameliacha liwe banda la kuku. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Nidia alikuwa bado mtoto wa shule. Yeye ndiye aliyekwangua kinyesi kwa kisu cha jikoni wiki nzima, huku kaka yake mdogo, Rúben, amesimama mlangoni mwa karakana, amejiziba pua, anasema atamshitaki kwa mama kwamba ananuka. Baba mtu na bintiye walilishughulikia gari lile majira ya baridi baada ya majira ya baridi. Elbio alimfundisha kusikiliza injini kwa kuuma mpini wa bisibisi na kuigusisha ncha yake kwenye chuma, mpaka msichana akawa anajua vali ipi inalegea kwa kutetemeka kwa meno yake. Rúben ukimpandisha gari kona ya pili tu alikuwa anatapika. Alisoma, akaenda Montevideo, akawa daktari wa meno, akaoa huko, na nyumbani akawa wa Krismasi.

Klabu ilianzishwa na wanaume saba katika karakana ya Elbio, miaka ile wanajeshi walipokuwa madarakani na kila mkutano ulitaka kibali cha polisi. Mara ya kwanza alitumwa koplo kuja kusikiliza wanazungumza nini. Alikaa kwenye ndoo akasikiliza habari za kabureta hadi usingizi ukamchukua, na tangu siku hiyo hakuna aliyewasumbua. Utaratibu waliouweka ulikuwa mwepesi: mwanachama ni mwenye gari. Haikuandikwa kwamba mwenye gari ni mwanaume, hakuna aliyeona haja. Wanawake waliketi pembeni ya dereva, wakashika kikapu na ramani. Nidia hakuwa na mume wa kuketi pembeni yake, na kiti cha nyuma cha Whippet Elbio alimpa kila mara mgeni wake: mara padre, mara meneja wa benki, mara mwenye kiwanda cha jibini.

Safari ya pili au ya tatu magari mawili yalifia njiani, wake za watu wakarudi kwa miguu wakilaani. Jumapili iliyofuata Elbio alisema, bila kumtazama binti yake, "Nidia atatufuata na pikapu ya maziwa." Nidia alikuwa na pikapu hiyo kwa ajili ya kukusanya maziwa kwa wakulima, ndiyo iliyokuwa riziki yake. Neno lile lilisemwa mara moja tu, tena kati ya mambo mengine, na likamshika maisha yake yote.

Lakini kulikuwa na neno lingine pia, na hilo ndilo lililompa subira. Lilisemwa kwenye nyama choma ya mwisho wa mwaka, nyuma ya karakana, Elbio akiwa ameshachangamka kwa mvinyo. Alisimama, akagonga glasi kwa uma.

"Nikiondoka mimi duniani," alisema, "Whippet ni la Nidia. Mmesikia nyote? Asije mtu akajifanya hajasikia."

"Tumesikia, Elbio!" walipokea wenzake. "Kaa sasa, nyama inapoa!"

Chini ya meza Zulma alimfinya Nidia goti. Zulma alikuwa shoga yake tangu shule ya msingi, fundi cherehani, mke wa Heber Olivera aliyekuja kuwa mwenyekiti wa klabu. Ni Zulma aliyekuwa akimwekea Nidia nyama kwenye sahani na kuifunika kwa sahani nyingine, kwa sababu Ufagio hufika wakati wengine wanachokonoa meno. Ni yeye pia aliyekuwa akitembea na kibuyu chake cha yerba hadi kwenye pikapu, akapanda, wakapokezana bomba moja la kunywea wakipiga soga mpaka maji yakaisha kwenye chupa.

Mtu mmoja alitaka kumtoa Nidia mle. Aliitwa Dardo, muuza mbegu wa mji wa Dolores, mpole, mcheshi kidogo. Alimchumbia akamwambia waende wakaishi kwao. Nidia alimwomba angoje matembezi ya msimu yaishe, kisha angoje baba apone jicho, kisha angoje msimu mwingine. Dardo hakugombana naye. Alioa mwalimu wa huko huko Dolores, na klabu ilipokwenda kule miaka iliyofuata, alisimama kando ya barabara na watoto wake wawili, akampungia Nidia mkono kwa adabu.

Elbio alipopooza upande, Nidia ndiye aliyemlisha, akamgeuza, akamnyoa. Kila asubuhi swali la mzee lilikuwa moja.

"Umelipasha moto?"

"Nimelipasha, baba."

"Linaungurumaje?"

"Kama paka, baba."

Mzee alifumba macho akaridhika. Mara moja moja alimtazama kwa muda mrefu, midomo ikicheza kama anayetafuta neno, na Nidia alimfuta mate akadhani ni ugonjwa.

Baada ya maziko na baada ya arobaini kupita, klabu ilitoka kwenda Conchillas. Nidia alilitoa Whippet bandani alfajiri, akalipangusa, akavaa koti jipya. Heber alimjia na uso wa msiba bado.

"Dada Nidia," alisema, "wewe hilo gari ni roho yako, hakuna asiyejua. Lakini ukiendesha wewe, nani atatufuata? Mzee Ferrín breki hana, Ford la kina Bonjour linachemka. Leo tu. Mwachie Fabricio ashike usukani, wewe tufuate. Leo tu, tafadhali."

Fabricio alikuwa mpwa wake Heber, mtu wa makamo mwenye mikono mizito. Nidia alimpa ufunguo. Na ile leo tu ikawa kila mara. Jumamosi alilisafisha gari, akakaza, akatia mafuta, akapaka mafuta ya ngozi kwenye viti. Jumapili akampa Fabricio ufunguo, kisha akalifuata kwa nyuma akiyala mavumbi yake. Fabricio alipobadilisha gia kwa pupa, Nidia aliuma meno ndani ya pikapu kana kwamba ni mfupa wake umekwaruzwa. Alipomkumbusha Rúben kwenye simu kwamba yafaa wakamilishe mirathi, kaka yake alisema, "Hakuna haraka, dada. Gari liko kwako, litaenda wapi?" Nidia aliona huo ni undugu.

Miaka ilipita kwa mtindo huo. Kisha klabu ikakaribia kutimiza miaka arobaini.

Walikutana kwenye banda la klabu majira ya baridi, jiko la kuni linawaka, kuandaa matembezi yajayo. Heber alisoma: Septemba Conchillas, kula keki kwa wajukuu wa Waingereza, Oktoba Mercedes, kukutana na klabu ya huko, Novemba ndiyo siku yenyewe, Carmelo, chakula cha mchana kwenye shamba la mizabibu, bendi, picha, vyeti kwa waanzilishi na warithi wao. Watu walipiga makofi. Nidia, aliyezoea kusimama karibu na mlango, aliinua mkono.

"Novemba naendesha Whippet mimi," alisema. "Mapema ndiyo nawaambia, mtafute mtu wa pikapu."

Mzee Ferrín alichungulia ndani ya glasi yake kama ameona nzi. Fabricio alitazama viatu. Heber alikohoa.

"Tutalizungumza, Nidia. Tutalizungumza vizuri."

"Cha kuzungumza ni nini? Gari langu, mkono wangu."

"Ndiyo, ndiyo. Tutalizungumza."

Nidia alirudi nyumbani amekasirika kidogo. Alidhani ni ubahili wa watu wasiotaka kuacha kusukumwa bure. Hakudhani lingine.

Rúben alikuja wiki mbili baadaye, Jumapili mchana, bila mke. Aliandamana na bwana mmoja wa Pelotas, upande wa Brazili, Adalberto jina lake, mwenye viatu safi na adabu nyingi. Huyo bwana alimbusu Nidia mkono, kisha akaenda moja kwa moja bandani, akapiga magoti mbele ya Whippet kama aliye kanisani.

"Rafiki yako anapenda magari," Nidia alimwambia kaka yake jikoni, akitenga sahani.

"Amelinunua, dada."

"Amenunua nini?"

"Usinitazame hivyo. Nilitaka kukupigia simu, nikaona bora nije mwenyewe."

"Rúben, amenunua nini?"

"Whippet. Karo za watoto, nyumba, mambo ni mengi. Hili gari mimi sina kazi nalo."

Nidia alicheka. Kweli alicheka. "Huna kazi nalo kwa sababu si lako! Wewe hata kulipanda ulikuwa unatapika."

"Ni langu," Rúben alisema polepole, na kwa mara ya kwanza Nidia alimwona hana raha. "Baba aliliandikisha kwa jina langu. Ule mwaka alipofanyiwa upasuaji wa kwanza. Tulikwenda kwa wakili, mimi na yeye na Heber. Heber alikuwa shahidi. Nilidhani atakwambia, kila mwaka nilidhani atakwambia."

"Alisema kwa nini?"

"Alisema gari kama lile linataka jina la mwanaume, la sivyo litakufa bandani. Na kwamba wewe una pikapu yako."

Nidia aliiweka sahani aliyokuwa ameishika. Alivua aproni, akatoka, akapita bandani bila kugeuza shingo, akaenda kwa miguu mpaka nyumbani kwa Heber. Walikuwa mezani. Zulma alinyanyuka kumkaribisha, kisha akaona uso wake akabaki palepale.

"Ulijua?" Nidia alimwuliza Heber.

"Nidia, kaa kwanza."

"Sikai. Ulijua?"

Heber alifuta mdomo kwa kitambaa. "Mzee aliniapisha. Ningefanyaje? Ilikuwa siri ya mgonjwa."

"Na Ferrín? Na kina Bonjour? Fabricio?"

Heber alikunja kitambaa chake mara mbili.

"Wote," alisema Nidia.

Zulma alimgeukia mumewe. "Heber, unasema nini wewe? Miaka yote hii mwenzetu anaosha gari la mtu, anakesha nalo, na ninyi mmekaa mnamtazama? Mimi mkeo unanificha?"

"Angeacha kuja, Zulma!" Heber alipandisha sauti kama mtu aliyebanwa. "Ungemwambia, angeacha kuja. Nani angetufuata?"

Likatoka hilo, na lilipokwisha kutoka hakuna aliyeweza kulirudisha. Heber mwenyewe aliinamisha kichwa juu ya supu yake. Nidia alihisi masikio yanawaka. Aliona ile miaka mmoja mmoja, kila kopo alilovuta matopeni, kila Jumapili aliyokula nyama iliyopoa, na wao mezani wakitazamana. Lakini kilichomuuma hasa si Heber wala Ferrín. Ni yule mzee kitandani na swali lake la kila asubuhi, umelipasha moto, akilishwa kwa kijiko na mkono uleule aliokwisha kuupokonya.

Zulma hakunyamaza. Alihamia chumba cha cherehani, akamtengea mumewe chakula bila salamu, na kwenye foleni ya mkate akasema mbele za watu kwamba klabu ile ni genge la wanaume wasio na haya. Kwa Nidia alikuja karibu kila siku.

"Mimi kwenye gari lake sipandi tena," alimwambia. "Novemba na aende na mbwa wake."

"Usivunje nyumba yako kwa ajili yangu, Zulma."

"Nyumba imara, shoga. Kichwa cha mwenye nyumba ndicho kibovu."

Mwanzoni mwa Novemba Heber alikuja karakana, amevua kofia. Aliomba radhi kwa maneno mengi. Kisha akazunguka, akazunguka, akafika alikokuwa anakwenda.

"Najua sina uso wa kukuomba. Lakini magari ni mengi kuliko mwaka wowote, na njia ni ndefu. Hii ya mwisho, Nidia. Kwa heshima ya waanzilishi."

"Nitakuja," Nidia alisema.

Heber alimshika mkono kwa mikono yake miwili, macho yamelowa. Alipoondoka Nidia alibaki anajiuliza kwa nini amekubali. Hakuwa na hila yoyote kichwani. Labda mwili ulikuwa umezoea tu.

Siku ya Carmelo ilikucha na mvua, mvua ya baridi isiyo ya msimu. Magari ya wazi yalipandisha maturubai na mapazia ya pembeni, yale yenye vidirisha vya plastiki vilivyopauka, hivyo hukuweza kujua ndani yuko nani. Whippet lilikuwa la kwanza. Bwana Adalberto alishika usukani, Rúben pembeni yake kashika mfuko wa plastiki mdomoni. Lori la kulibeba hadi mpakani lilikuwa limeshatangulia kungoja Carmelo.

Nidia alifuata nyuma kama kawaida. Ford la kina Bonjour lilizima kabla ya daraja. Alisimama, akakausha plagi, akawasha, akawasukuma. "Mungu akubariki, Ufagio!" walimpigia kelele wakaondoka. Mbele zaidi alimvuta mtu kutoka mtaroni. Alifanya yote hayo bila kinyongo, mikono ikienda yenyewe.

Kisha, kwenye mteremko baada ya shamba la mikaratusi, mahali pasipo nyumba, aliliona gari la Heber, Essex jeusi, limesimama nusu barabarani mwanzoni mwa kona, boneti wazi. Heber alikuwa ameinamia injini. Aliposikia pikapu alinyanyuka, akafuta maji usoni, akainua mkono. Hakuupunga kama anayeomba. Aliuinua tu, kama mtu anayemwita mhudumu wa hoteli anayemfahamu.

Nidia aliondoa mguu kwenye kanyagio la mafuta. Pikapu ikapungua mwendo, Heber akaanza kutembea kuijia. Halafu mguu ule ukarudi chini. Alimpita karibu kiasi cha kumrushia maji magotini. Kwenye kioo aliuona mkono wa Heber ungali juu.

Wepesi uliomjia ulimshangaza. Tangu alipoivua aproni jikoni hakuwa amevuta pumzi namna ile. Simu Heber hana, aliwaza. Sheria yake mwenyewe, siku ya matembezi hakuna simu. Na aende kwa miguu. Na aonje.

Carmelo walikuwa wameshaanza kula. Kwa mara ya kwanza Nidia aliikuta nyama ya moto. Mtu alimwuliza, "Heber yuko wapi?"

"Sikumwona," alisema, akaongeza chumvi.

Bendi ilipiga. Vyeti viliwekwa kando vikimngoja mwenyekiti. Walikuwa wameshafika kwenye kahawa lori la ndama lilipoingia uani, na dereva akazunguka kufungua mlango wa upande wa pili. Heber aliteremka kwanza. Kisha akageuka, akanyoosha mikono, akamteremsha Zulma.

Alikuwa ameloa hadi mifupani, midomo ya bluu, gauni limechafuka matope upande mmoja. Mkono wa kulia ameufungia kifuani kwa kile kitambaa cha shingoni, na kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba, kimepinda mahali kisipopaswa. Malori yalikuwa yanashuka kwa kasi kwenye ile kona, Heber alieleza huku meno yakigongana. Walijaribu kulisukuma Essex litoke barabarani wao wawili, Zulma akateleza. Asubuhi ile ile alikuwa amemhurumia mumewe, akaingia garini dakika ya mwisho, amechoka kugombana.

Nidia alinyakua taulo mezani akakimbia.

"Zulma! Zulma, mimi sikujua kama umo. Mapazia yalikuwa—"

Zulma alimtazama. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Mimi nilikuona, Nidia," alisema. "Ulipita hapa karibu. Ulikuwa unatabasamu."

Walimpeleka hospitali kwa gari la mwenye shamba. Nyuma ya kundi la watu Whippet lilipandishwa kwenye lori, likafungwa minyororo, likaondoka. Jambo alilolihofia Nidia kwa miezi mitatu, lililomkosesha usingizi, lilipita mgongoni kwake, naye amesimama na taulo ambalo hakuna aliyelipokea.

Hakufukuzwa klabu, kwa kuwa hakuwahi kuwa mwanachama. Hakuna hata aliyemkaripia. Heber alipokutana naye posta alimwamkia kwa uchangamfu ambao hakuwa nao kwa miezi, karibu kama mtu aliyeshushiwa mzigo. "Yamepita, Nidia," alimwambia. "Tumelipana." Nidia alitamani angemtukana. Msimu uliofuata klabu ilielewana na kampuni ya winchi ya mji wa jirani. Ukikwama unapiga simu, na sheria ya simu ilifutwa. Vijana wa winchi walikuwa wepesi na hawakuhitaji kuwekewa nyama. Watu walisema kwa nini hawakufanya hivyo zamani.

Mkono wa Zulma uliunga vibaya. Vidole viwili havikurudia nguvu, na cherehani akampa binti wa kaka yake.

Nidia alikwenda kumjulia hali mara ya kwanza, akaambiwa amelala. Mara ya pili Heber alisema ametoka. Mara ya tatu ilikuwa karibu na majira ya baridi. Alinunua vikate vya siagi vya moto, vile vyenye sukari juu anavyovipenda Zulma, akabisha hodi alasiri, saa ya yerba. Zulma alifungua mwenyewe. Jikoni nyuma yake birika lilikuwa linaimba, na kibuyu kiko mezani, kimeshajazwa.

"Nimekuletea hivi," Nidia alisema.

"Ahsante, usingejisumbua." Zulma aliupokea mfuko kwa mkono wa kushoto. "Hali yako nzuri?"

"Nzuri. Na wewe? Mkono?"

"Unauma kukiwa na baridi. Ndiyo hivyo."

Walisimama pale. Birika likapandisha sauti. Nidia alingoja, akatazama kizingiti, akatazama kile kiti cha pembe ya meza alichozoea kukaa.

"Basi, naona maji yanachemka," Zulma alisema. "Yasije yakaunguza yerba. Kwaheri, Nidia."

"Kwaheri, Zulma."

Mlango ulifungwa taratibu, bila kishindo. Nidia alirudi kwake kwa njia ya reli, ambayo ni ndefu kidogo, akafika, akawasha jiko, akala vikate viwili alivyokuwa amejiwekea.